Matarumbeta ya shule Dodoma: vali zinakwama, na watoto hawavuki "so"

Mwl_Nzuguni
Wakuu, salaam. Bendi ya shule ina matarumbeta 6 ya B flati, tromboni 2 na ngoma. Wachezaji ni kidato cha pili, wote wanaanza sifuri, na mahafali ni Oktoba. Shida ni mbili. Kwanza vali: ukibonyeza inashuka lakini hairudi, na imezidi tangu upepo wa Julai uanze. Tulitia mafuta ya cherehani, sasa ni kama gundi. Pili, kila mtoto akifika noti ya so ndiyo mwisho wa reli, noti ya la haitoki kabisa. Nianzie wapi?

FundiShaba
Anza na vali, maana mtoto anayepigana na pistoni (kile kipande cha vali kinachoshuka na kupanda) hawezi kujifunza kitu kingine.

Mafuta ya cherehani ni mazito mno. Nafasi kati ya pistoni na nyumba yake ni nyembamba kuliko unywele, kwa hiyo mafuta mazito yakikutana na vumbi letu hili jekundu yanageuka matope. Ya kupikia ni mabaya zaidi, yanaganda. Mafuta ya taa usiyaguse, mtoto atavuta mvuke wake kila anapojaza pumzi. Agiza mafuta ya vali yenyewe, hata kama ni kutoka Dar. Chupa moja ndogo inatosha bendi yako kwa muda mrefu.

Kabla ya kuyatia, safisha. Fungua kifuniko cha juu, vuta pistoni wima bila kuizungusha kwa nguvu. Moja moja! Ukizitoa zote tatu kwa pamoja mezani, kuna siku ya 1 itarudi kwenye nyumba ya 3. Namba imegongwa kwenye pistoni yenyewe, itafute. Futa kwa fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa, si taulo, taulo linaacha nyuzi. Nyumba yake ifute kwa kitambaa hichohicho ulichozungushia kijiti cha mbao. Chuma kisiguse ukuta, mkwaruzo mmoja hauondoki. Kisha matone 3 hadi 5 kwenye pistoni, irudishe, izungushe taratibu mpaka usikie "tik" na igome kuzunguka. Ukipuliza hewa ikagonga ukuta na kurudi mdomoni, ujue pistoni imekaa upande au umezibadilisha.

Sasa sikiliza hili. Kama ni vali ya 2 peke yake inayokwama kila siku, hata baada ya kusafisha, acha kulaumu mafuta. Kimrija cha vali hiyo kimechomoza upande, na tarumbeta likiangukia huko, kimrija kinasukuma ukuta wa nyumba ndani. Kukwama kwa namna hiyo hakuna dawa ya chupa, ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Usipige msasa kamwe.

Mirija ya kuvuta paka vaselini kidogo, hapo inakubalika. Kwenye vali, haikubaliki.

Soda na biskuti kabla ya mazoezi ni marufuku, sukari yote inaingia humo na mate. Wasukutue kwa maji. Chombo kisilazwe chini uwanjani hata dakika moja. Kiangazi hiki osha mara moja kwa mwezi kwa maji ya uvuguvugu na matone ya sabuni ya vyombo. Maji ya moto yanabandua vanishi. Pistoni usizitumbukize na felti zake, vile vipande vya kitambaa kizito.

Kipulizio, kile kijikombe cha mdomoni, kikikwama, weka koleo mbali. Kuna kifaa chake cha kuking'olea. Koleo linapinda bomba la kuingilia, na hapo umenunua hasara.

Kipulizio7C
Mwalimu, kuhusu so. Kwenye tarumbeta, do ya chini haina vali, so haina vali, do ya juu haina vali. Kinachobadilika ni midomo na kasi ya hewa. Kutoka so kwenda la mtoto habonyezi tu, anavuka ngazi ya asili ya bomba, yaani zile sauti ambazo bomba hutoa lenyewe bila vali, na hapo ndipo wote wanakwama.

Kipimo ni hiki: la ni vali 1 na 2. Mwambie abonyeze apulize. Ikitoka mi badala ya la, vidole viko sahihi, midomo imebaki ngazi ya chini. Na ti ni vali 2. Ikitoka fa iliyopandishwa nusu toni, ni kosa lilelile. Ukilijua hili, husumbuki tena kumwambia "bonyeza vizuri".

Kinachowazuia kuvuka karibu siku zote ni kukandamiza. Angalia mdomo akishusha chombo: kukiwa na duara jekundu lililozama, anatumia mkono badala ya hewa. Kidole kidogo cha kulia kitoke kwenye ile ndoano, kikae juu yake. Kikiwa ndani kinavuta tarumbeta usoni. Uzito wote ubebwe na mkono wa kushoto. Mashavu yasivimbe.

Zoezi: kipulizio peke yake, bila tarumbeta, atetemeshe midomo na kuipandisha sauti kama king'ora, dakika 3. Kisha so kwa hesabu 4, apumzike hesabu 4, halafu ajaribu la huku ulimi ndani ukisema "taa" kwa so na "tii" kwa la. Wakitoka la wanafika do ya juu bila kelele nyingi. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni zina faida kuliko saa nzima kwa mkupuo, midomo michanga inachoka haraka na ikichoka ndipo kukandamiza kunarudi.

Mwl_Nzuguni
Asanteni sana wakuu. Umepiga penyewe, nimejaribu jioni hii na wanne kati ya sita wanatoa mi. Jingine: tukipiga na kinanda cha kwaya, do yetu inakuwa chini ya do ya kinanda. Nimesukuma mrija wa kutyuni (kulinganisha sauti) mpaka mwisho, bado.

Tenabesi_Kongwa
Mrija uvute tena nje kama sentimita 1, haukukosea. Tarumbeta la B flati likisoma do, yaani C, kinachosikika ni B flati ya kinanda. Ni toni nzima, hakuna kutyuni kutakakoiziba.

Njia rahisi: kama kinanda ni cha umeme, mpigaji abonyeze kitufe cha kuhamisha sauti mpaka −2. Vidole vyake vibaki palepale, kila kitu kinashuka mpaka kwenu, na soprano wa kwaya watakushukuru. Kama hakina kitufe, apige kwa B flati.

Njia ngumu ni ninyi kupanda, skeli yenu ianzie D, kwa vali hizi: 1-3, 1-2, 2, wazi, 1-2, 2, 1-2, 1. Kwa wanaoanza, na Oktoba hii? Hapana.

Tromboni hazihami, zinasoma sauti halisi. Skeli ya B flati kwa nafasi za mkono: 1, 6, 4, 3, 1, 4, 2, 1. Ile ya 6 iko mbali, mpe mwenye mikono mirefu kuliko wote, si anayependwa na mwalimu.

Tyuni baada ya kupasha chombo kwa dakika 5, na mkitoka kwenye jua la uwanjani tyuni upya. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 10, sauti hupanda karibu theluthi ya nusu toni; ndani ya tarumbeta ni pungufu kidogo, kwa sababu pumzi ina joto lake.

FundiShaba
Nyongeza kwa Kipulizio7C. Zile ngazi za asili (do ya chini ni ya 2, so ya 3, do ya juu ya 4) zinaendelea juu, na ya 7 iko chini kuliko ya kinanda, ndiyo maana wapiga tarumbeta huikwepa. Uimbaji wa Kigogo umekaa juu ya ngazi hizohizo, ya 4 mpaka ya 9. Mtoto aliyekulia kwenye nyimbo za nyumbani akiigonga ile ya 7 ataisikia ni tamu. Usimwambie ana sikio bovu, mwonyeshe tu kwamba kwenye bendi inapigwa kwa vali 1 kutoka do ya ngazi ya 8, iliyo juu yake.

Na ile re ya chini, 1-3, iko juu kidogo kwa matarumbeta yote. Mrija wa vali ya 3 una pete ya kidole cha kushoto. Ausukume nje kama sentimita 1 akiipiga, aurudishe akihama. Mrija ukigoma kuteleza, rudi kwenye vaselini.