Hivi kweli kuna Wagiriki walipigana upande wa Mjerumani?

MwanaNgamiani
Wakuu salaam. Babu yangu alikata mkonge kule Muheza miaka ya hamsini kwa bwana mmoja Mgiriki, na stori yake moja ilikuwa haikosi, kwamba yule bwana ukimtajia Mjerumani tu anatema mate chini. Mimi nimekua najua Wagiriki wote walikuwa maadui wa Hitler, si walivamiwa 1941 wakafa njaa? Sasa juzi nasomasoma nakutana na picha ya wanaume wamevaa ile sketi nyeupe ya marinda ya Kigiriki, bunduki begani, wako na maofisa wa Kijerumani tena wanacheka. Hii imekaaje? Njaa, pesa au usaliti tu? Mwenye kujua anifungue.

Bahari_Raskazone
Ni kweli kabisa mkuu. Vilikuwa vinaitwa Tagmata Asfaleias, vikosi vya usalama, jina tamu kama ilivyo kawaida ya mambo hayo. Vilianzishwa 1943 na serikali kibaraka ya Ioannis Rallis. Wakati huo wapiganaji wa ELAS, ambao ni jeshi la EAM, harakati ya Wagiriki ya kumpinga Mjerumani ambayo usukani wanao wakomunisti, wameshaishika milima na Mjerumani hana watu wa kutosha kuwafuata huko juu, basi akaona Mgiriki apigane na Mgiriki. Aliyekuwa juu yao ni jenerali wa SS, Walter Schimana, na kiapo walichokula ni cha kumtii Hitler, hapo ndo ile hoja ya "tulikuwa tunalinda nchi yetu" inapoanza kuchechemea. Zile sketi ni sare za askari wa Kigiriki waitwao evzoni, hao hao wanaosimama mbele ya bunge Athens mpaka leo. Mtaani evzoni anaitwa tsolia, kwa hiyo raia wakawabatiza germanotsoliades, tsolia wa Mjerumani.

Kuhusu kwa nini, usitafute jibu moja. Njaa ya 1941 na 42 iliua watu vibaya mno Athens, na hata baadaye pesa ilikuwa haina thamani, mtu akiahidiwa posho na chakula anaenda. Wengine ELAS walishaua ndugu zao wakataka kisasi. Maofisa wengi wao walikuwa wanaogopa Mjerumani akiondoka wakomunisti watachukua nchi, na cha kushangaza wengi wa mwanzo hata mfalme walikuwa hawamtaki, walikuwa watu wa jamhuri, wafuasi wa mfalme wakajazana baadaye.

Mzee wa Chuda
Vijana mnakimbilia neno msaliti. Novemba 1914 hapa hapa Tanga askari weusi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, ndio waliomtimua Mwingereza na Wahindi wake mpaka baharini, nyuki nao wakisaidia. Mbona hao hatuwaiti wasaliti? Mtu anafuata mshahara na mwenye nguvu.

Bahari_Raskazone
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote hapo nakataa kidogo. Askari wa 1914 kazi yake iliniuma pia, wapo waliochoma vijiji vya Waafrika wenzao, lakini hakukuwa na nchi aliyokula kiapo kuilinda halafu akaigeuka. Hawa wengine walikuwa maofisa wa jeshi la Ugiriki. Soma ya Kokkinia, mtaa wa maskini karibu na Piraeus, tarehe 17 Agosti 1944. Alfajiri wanaume wanaitwa kwa vipaza sauti waende uwanjani, wanakalishwa chini juani, halafu wanapita watu wamefunikwa nyuso kwa magunia wananyoosha kidole, huyu, na huyu, na yule. Watu wa mtaa huo huo! Zaidi ya 100 waliuawa siku hiyo na waliouzunguka mtaa ni Wajerumani pamoja na hao wavaa sketi. Hapo mshahara hautoshi kueleza mzee wangu.

Mzee wa Chuda
Marahaba. Hilo la magunia sikulijua.

Dada_Pangani
Mnasahau upande wa pili nao haukuwa malaika. Septemba 1944 ELAS walikishinda kikosi kimoja pale Meligalas, Peloponnese, kusini mwa Ugiriki, wakaua mamia ya mateka na maiti zikatupwa kisimani. Mpaka leo watu wanagombania hesabu ya hicho kisima.

Ila kinachonikera mimi ni mwisho wake. Mjerumani katoka Athens Oktoba 1944, hawa jamaa wakawekwa kizuizini, ukasema haya sasa watalipa. Desemba Waingereza na serikali wakaanza kupigana na ELAS ndani ya Athens, na wengi wa hao hao wakatolewa wakapewa bunduki tena wakawe askari wa taifa! Rallis mwenyewe alifungwa maisha akafia gerezani 1946, na Georgios Poulos aliyekuwa na kikosi chake kule Makedonia alinyongwa au alipigwa risasi sijui, ila aliuawa kwa hukumu ya mahakama. Wadogo wengi walipita hivi hivi. Waliopigana msituni dhidi ya Mjerumani wao wakapelekwa visiwani kama wafungwa, na EAM haikutambuliwa rasmi na serikali mpaka 1982.

MwanaNgamiani
Asanteni sana, nimerudi baada ya siku mbili maana nilienda kumuuliza shangazi, yeye alikuwa anafua nguo pale kwa yule bwana. Anasema shamba la jirani kulikuwa na Mgiriki mwingine na walikuwa hawasalimiani, hata Pasaka yao kila mtu anachinja mbuzi wake kwake. Alimuuliza mpishi kuna nini, mpishi akamwambia "ni mambo ya kwao, ya vita". Sasa nawaza yale mate babu aliyokuwa anayaona yalikuwa yanamwendea Mjerumani au jirani.