Naomba ushauri: hita za pikapu ya diseli hazipati moto, rilei inalia

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za kazi. Nipo Kibosho, Moshi. Baridi ya huku mwezi huu wa saba mnaijua. Nina pikapu ya diseli, silinda 4, nabebea ndizi kwenda soko la Mbuyuni. Mchana inawaka vizuri tu. Alfajiri napiga stata mpaka betri inachoka, inatoa moshi mweupe, na wateja wananisubiri.

Fundi wa kwanza alisema hita (zile plagi za kupasha joto silinda kabla ya kupiga stata) zimekufa. Nikazifungua, nikapima moja moja kwa mita: zote 4 zinasoma karibu sawa, chini ya omu 2. Nikazirudisha, nikachukua waya mnene kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye hita, nikahesabu sekunde 10. Nikapiga stata, injini ikawaka papo hapo! Kwa hiyo hita ni nzima.

Nikahamia kwenye rilei, ile swichi ya umeme inayopeleka umeme kwenye hita. Nikiwasha swichi inalia "tak", taa ya hita inawaka kwenye dashibodi. Waya mkubwa unaoingia una volti 12.4, lakini rilei ikivuta tu, hapo hapo panashuka hadi 6, wakati betri yenyewe inabaki 11.8. Nimeweka rilei nyingine, hali ni ile ile.

Mimi nahisi umeme unapotea kati ya betri na rilei, labda fyuzi kubwa au kichwa cha waya kimeoza. Fundi wa pili anataka nikate tu nifunge kitufe cha kubonyeza. Naogopa kuunguza hita. Aliyewahi kukutana na hili, nianzie wapi kupima?