Siku ya kwanza kusomea wenzako kazi yako ilikuaje? Tupeane uzoefu

Wadau wa kalamu, salamu kutoka Nakuru. Jumamosi tulikuwa na kikao cha grupu letu, siku nzuri tunafika kumi na wawili hivi, siku ya mvua tunabaki wanne na chupa ya chai. Sasa kuna dada mgeni alikuja na stori yake ameikunja ndani ya mkoba, akakaa nayo kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, akaenda nayo nyumbani. Hakusoma hata mstari. Nikamwonea huruma juu mimi pia nilifanya hivyo vikao vitatu kabla nijipe moyo. Hebu tuambiane, yako ilikuaje? Naanza mimi.

Stori yangu ilikuwa ya nyanya yangu wa Njoro, siku aliletewa barua kwamba atoke shambani. Kitu nimeishi nayo tangu niko darasa la sita. Nikasimama nikaanza: "Ilikuwa siku ya Jumapili asubuhi na mapema. Majogoo yalikuwa yamewika na ndege walikuwa wakiimba nyimbo tamutamu..." Nikaendelea hivyo ukurasa mzima, upepo mwanana, umande, jua likichomoza mashariki kana kwamba siku zingine huchomoza Kericho. Nikaweka methali nne. Nikamaliza nikakaa.

Kwetu sheria ni moja, ukishasoma unanyamaza hadi kila mtu aongee, hakuna kujitetea. Jamaa mmoja fundi wa redio akaniangalia akasema, "Boss, nyanya yako ameletewa barua ya kutolewa kwake na wewe uko na ndege?" Watu wakacheka mpaka mwenye hoteli akachungulia. Mimi nilitaka ardhi inimeze, na ona, hata hiyo ni ya insha.

Lakini ilikuwa ukweli. Sisi watoto wa KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane, kuanzia wale wa 1985 hadi hawa wa mwisho wa 2023, tulifundishwa kuandika tukiwinda zile alama 40 za insha. Mwalimu anapiga mstari chini ya methali anaweka tiki, kwa hivyo unapanda methali kama mahindi, mbili kila shimo. Nilirudi nyumbani nikakata ukurasa wote wa kwanza, stori sasa inaanza na nyanya akiuliza, "Hii barua inasema nini, nisomee polepole." Hakuna ndege. Haya, mwingine.

Boda wa Kondele, Kisumu:
Hahaha ndege tumewaimbisha sana bana. Mimi ni wa mashairi, niliambukizwa na ukurasa wa mashairi wa Taifa Leo, nilikuwa nasoma gazeti la kastoma nikingoja kwa steji. Nikaanza kutunga nikiendesha, mizani, yaani silabi, nahesabu na vidole kwa klachi, msijaribu tafadhali nyinyi wa mkono mmoja.

Siku yangu ya kwanza nikaenda na tarbia, ile ya mishororo minne, kila mshororo vipande viwili vya mizani nane nane. Nikaanza, "Nimebeba mwalimu, na gunia la omena." Kuna mzee pale, mwalimu mstaafu, alikuwa amefunga macho nikadhani amelala. Akagonga meza. "Rudia." Nikarudia. Akagonga tena, "Moja imepotea." Nikahesabu mbele ya watu kama mtoto wa nasari, ni-me-be-ba-mwa-li-mu, saba kweli. Nikataka kuongeza "yule" lakini ikawa tisa. Mzee akasema, "Kijana, umebeba mwalimu ama gunia? Mtu habebwi hivyo. NimeMbeba." Hiyo m peke yake ni mizani moja, kama ya m-tu na m-to-to. Herufi moja ikanitengenezea sarufi na mizani wakati mmoja, mimi nilishangaa hadi leo. Ndio hii:

Nimembeba mwalimu, na gunia la omena,
Barabara kawa ngumu, na mvua yaja tena,
Kashika yake kalamu, anasahihisha bana,
Kazi yetu hii tamu, ijapo pesa hatuna.

Hiyo "bana" mzee hajaikubali hadi wa leo. Anasema ni "bwana", nikamwambia silabi ni zilezile mbili na huko Kondele hakuna mtu husema bwana. Kesi iko wazi.

Wa Section 58:
Boda nisaidie, "nchi" ni ngapi? Mimi huwa nahesabu moja.

Boda wa Kondele:
Mbili. N-chi. Lakini ng'ombe pia ni mbili, ng'o-mbe, usiikate ikawa tatu. Mzee alinifanya niimbe kila neno nikipiga makofi, kastoma walidhani nimeokoka.

Mama wa mtumba, Kakamega:
Yangu haikuwa shida ya lugha, ilikuwa shida ya shangazi. Sisi tunamwita senje. Niliandika vile senje aliuza ng'ombe bila kumwambia mjomba akalipa fees ya binti yake, mjomba akakuja kugundua jioni akiona kamba imebaki peke yake. Nikabadilisha jina lake nikadhani nimemaliza. Sikubadilisha kijiji, sikubadilisha ule mti wa mwembe uliopigwa na radi, na sikubadilisha ng'ombe alikuwa na pembe moja. Kumbe kwa kikao kulikuwa na kijana ametoka boma la pili kutoka kwao.

Nilimaliza kusoma saa kumi. Saa kumi na mbili niko kwa matatu, simu inaita, ni senje. Nikajua nimekwisha. Nikashika nikiwa nimefunga macho. Akasema, "Nimeambiwa umeniandika." Nikasema eeh senje, samahani. Akasema, "Ng'ombe walikuwa wawili. Wewe umeweka mmoja. Kama unaniandika niandike vizuri." Akakata.

Sasa nimeandika wawili, na kabla ya kusomea grupu namsomea yeye kwanza kwa simu. Huwa ananikosoa kuliko nyinyi wote. Juzi ameniambia pale mjomba anaongea amekuwa mpole sana, niongeze makali. Lakini kwa wale wanaandika mambo ya nyumbani, jina si kitu ya kwanza watu hutambua. Watu hutambua ng'ombe.

Mwalimu mstaafu, Bungoma:
Mimi si yule mzee wa Kisumu, lakini nampongeza. Kwa ufupi: mara ya kwanza nilisoma vizuri wakanisifu sana, nikaenda kuchapisha haraka. Nilijitafutia ISBN, ile nambari ya kutambulisha kitabu, hiyo hapa kwetu hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, nikafurahi nayo kama nambari ya gari mpya. Matbaa moja, sitaitaja, ikaniletea nakala mia mbili, ukurasa wa 33 hadi 48 umepinduliwa miguu juu. Wanangu husema ndio sehemu nzuri zaidi ya kitabu. Bado niko na nakala mia moja na kitu chini ya kitanda. Msikimbie kuchapisha, acheni wenzenu waiseme vibaya kwanza.

Wa Section 58:
Pole mwalimu, nitanunua moja nisome nikiwa nimepinda kichwa. Na mtu akichukua shairi lako akaliweka kwa status kama lake inakuwaje? Mimi niliogopa kusoma kwa sababu hiyo tu.

Mama wa mtumba, Kakamega:
Haki ni yako pale tu umeandika, kwa sheria yetu hukaa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Ukitaka karatasi ya kuonyesha watu unasajili na KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya. Lakini kusema ukweli mashahidi kumi walikusikia ukisoma kabla ya yeye ni mzuri pia, kwa hivyo kusoma ndio kunakulinda. Umekosa kisingizio.

Kinyozi wa Kaptembwo:
Wacha nikiri tu. Mimi ni wa grupu hilo la Nakuru, miaka miwili sasa nakuja, nakunywa chai, nakosoa ndege za watu, sijawahi soma hata neno moja. Niko na stori ya kiti changu cha kunyoa na wanaume watatu walilia wakiwa wamekikalia, kila mmoja kwa sababu yake. Iko kwa daftari la madeni, kurasa za nyuma.

Mwanzilishi, Nakuru:
Yaani wewe ndio ulisema mhusika wangu hana damu?? Jumamosi saa nane, wewe ndio wa kwanza. Kuja na daftari lote, na madeni tutasikiza. Chai kila mtu ajilipie.