Naomba ushauri: malipo ya kidogo kidogo kwenye hifadhidata
Ndugu wataalamu, nipo Mwanza, ninajifunza kutengeneza programu ya wavuti itakayowawezesha wachuuzi wa dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba kutunza mauzo na madeni ambayo sasa yamo kwenye madaftari. Kwa PHP (lugha ya kuandikia programu za wavuti) na MySQL (mfumo wa hifadhidata) nimeshaunda jedwali la wateja na la mauzo, yakiunganishwa kwa namba ya mteja. Kinachonitatiza ni mteja anayechukua magunia matatu kwa mkopo, kisha akalipa kidogo kidogo: je, malipo yawe na jedwali lake, au nirekebishe tu salio kwenye rekodi ya mauzo? Mimi naona la kwanza ni salama zaidi, maana wachuuzi hudai kila tarehe ya malipo ionekane. Na intaneti ikikatika sokoni, SQLite (hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja) kwenye kompyuta moja ingetosha?