Nina ekari 2 za mbegu za malisho, msaada wa serikali naupata wapi?

Mkata_Nyasi: Habari wakuu. Niko Mvomero, nina ekari 2 za nyasi za Rhodes, masuke yamekomaa. Kila siku tunahimizwa tuzalishe mbegu za malisho hapa hapa nchini. Sasa mzalishaji mdogo kama mimi anasaidiwa na nani? Nakosa usingizi.

Baba_Ndama: Achana na mbegu mkuu. Kata, funga marobota. Kiangazi kikibana yanajiuza yenyewe, wala huombi kibali.

Mama_Kiwele: Msaada upo. TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, wana mbegu za msingi (za kuzalishia mbegu nyingine), na Vikuge pale Kibaha kuna shamba la serikali la mbegu za malisho na hei, yaani nyasi kavu. Ila kuuza mbegu lazima TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, wakague shamba, na makao yao makuu yako hapo hapo Morogoro. Mdogo unaanzia kwenye mbegu za kuazimiwa ubora, daraja la wakulima wadogo, unauza ndani ya wilaya yako. Ulizopanda ulizitoa wapi?

Mkata_Nyasi: Nilipewa na jamaa.

Mama_Kiwele: Jamaa gani? Lebo unayo?

Mkata_Nyasi: Lebo hakuna dada. Jamaa ni mlinzi kwenye banda la hei, tulifagia sakafu. Lakini nyasi si nyasi tu? Zimeota vizuri. Halafu kuna mteja wa Handeni kanitumia kianzio na hela nimeshaezekea nyumba. Hapo nirudi nyuma vipi?

Kijiti: Mlinzi kalinda hei, mbegu zimetoroka 😂

Mzee_wa_Zizi: Vijana mnakula hela ya kitu hamjavuna. Enzi zetu ungeitwa kikao cha ukoo.

Mwende_Makueni: Huku Makueni, Kenya, kikundi chetu cha akina mama huvuna mbegu za mbeetwa na ndata kivumbu, nyasi za asili za huku, kwa mkono; KALRO Kiboko, kituo cha utafiti wa kilimo na mifugo, ndio walitufunza. Usikimbilie kuuza. Rhodes ikitoka shambani hulala miezi kadhaa kabla iote vizuri. Mimi niliuzia shemeji mbegu mbichi, shamba likabaki jekundu. Hadi leo tukipatana kwa harusi anasalimia mume wangu pekee.

Kijiti: Mteja kaagiza kilo ngapi?

Mkata_Nyasi: 600.

Pima_Kwanza: Subirini. Mbegu ya Rhodes ni nyepesi kama pamba, ekari 2 zikikupa kilo 200 umebarikiwa. ID yenyewe imefunguliwa jana. Hii chai, au anatafuta wateja kijanja. Moderata pitieni hapa.

Mkata_Nyasi: Siuzi kitu humu! Hizo 600 ni pamoja na makapi, tulipatana kwa uzito wa gunia.

Mama_Kiwele: Na mteja anajua ni pamoja na makapi?

Mkata_Nyasi: Akija kupakia ataona.

Mama_Kiwele: Makapi, bila lebo, na Handeni ni mkoa mwingine kabisa. TOSCI ulishaenda?

Mkata_Nyasi: Nikienda si watanizuia kuuza?

Baba_Ndama: Basi funga marobota. Na lori linafika shambani? Nina ng'ombe Chalinze.