Mbwa ananisikia nyumbani tu, tukiingia msituni haitiki

njia_ya_asubuhi
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Nina mbwa jike ana mwaka na miezi kadhaa, nyumbani nikimwita mara moja anakuja mbio, ila tukishika vile vinjia vya msituni akishanusa kitu ndo basi tena, juzi kazama kichakani karibu nusu saa naita mpaka sauti imekauka, karudi anahema na kupe wamejaa masikioni. Halafu mbele kidogo kinjia kinapita kwenye malisho ya ng'ombe, hapo ndo pananinyima usingizi. Kumfunga muda wote naona namnyima raha, kumwachia naogopa. Nyie mnafanyaje?

mama_koko
Pole sana, hiyo nusu saa naijua ilivyo. Hakudharau huyo, ni kwamba nyumbani hakuna kitu cha kushindana na wewe, porini kila jani lina harufu. Mi wangu nilimfundisha kwa kamba ndefu ya kama mita 10, inaburuzika chini, unamwita MARA MOJA, asipokuja unaivuta taratibu mpaka afike halafu unampa kipande cha nyama. Ukiita mara kumi haji unamfundisha kwamba jina lake ni kelele tu. Na kosa langu kubwa la mwanzo, nilikuwa namwita wakati wa kuondoka tu, akajua kuitwa maana yake raha imeisha, so siku hizi namwita, nampa, namwachia aendelee kunusa. Kamba hiyo usiifunge kwenye kola jamani, akichomoka kasi ikafika mwisho shingo inaumia, tumia ule mkanda wa kifuani.

mfugaji_mstaafu
Kwenye malisho mkuu hakuna mjadala, kamba fupi. Hata asipong'ata, kufukuza tu kunaweza kumfanya kondoo mwenye mimba atoe mimba. Ng'ombe wenye ndama wazungukie mbali. Na wakikujia mbio ACHIA kamba, wanamtaka mbwa siyo wewe, yeye ana mbio kuwazidi, wewe tafuta pa kutokea. Kinyesi nacho okota hata kama ni porini, kuna kimelea kinaitwa Neospora, ng'ombe akila majani yaliyochafuliwa anaweza kuharibu mimba, nimeshuhudia hasara ya kuharibika mimba zizini, inauma.

njia_ya_asubuhi
Aisee hiyo ya kuachia kamba nisingeifanya, ningemkumbatia kabisa. Na hao kupe? Kuna mtu kaniambia niwachome na kiberiti.

mama_koko
Usithubutu! Wala mafuta ya taa usimpake, kupe akisumbuliwa anaweza kutapikia uchafu wake kwenye damu ya mbwa. Chukua kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Mkague kila mkirudi, ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, na hapo kwenye vidole angalia na zile mbegu za nyasi zenye ncha maana zinachoma ngozi na kuingia ndani, mguu unavimba. Kinga ya kupe muulize daktari wa mifugo, dozi inategemea uzito.

njia_ya_asubuhi
Nashukuruni sana. Kamba ya mita 10 nimeshaipata, kesho tunaanzia uwanjani kwanza, msituni tutarudi akianza kuitika.