Hedifoni za kukagulia miksi: HD 600, MDR-7506 au DT 770 Pro?

Studio_Nkuhungu
Wanajamvi, habari za jioni. Ninamalizia kumiksi nyimbo sita za kikundi cha muheme (ngoma ya Wagogo) kutoka Chamwino, na hedifoni zangu za simu zimenichosha: kazi inayokaa sawa chumbani kwangu, ikifika kwenye sabufa ya jirani besi inafurika na ilimba (ala ya Wagogo ya vibamba vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) haisikiki kabisa. Nataka kununua Sennheiser HD 600, Sony MDR-7506 au Beyerdynamic DT 770 Pro ya ohm 250 (kipimo cha ukinzani wa umeme). Chumba kina paa la bati lisilo na dari, na upepo wa Dodoma mnaujua. Mnanishauri nini?

Fundi_Makole
Kwa kupima uwiano wa sauti, HD 600 ndiyo ningeichagua. Ipo sokoni tangu 1997, nayo ni ya wazi, yaani hewa hupita nyuma ya spika zake, hivyo sauti za kati, ambako mwimbaji na zeze hukaa, husikika bila kupambwa. Hata hivyo, besi ya chini kabisa ndani yake ni hafifu, na asiyeizoea huongeza besi akidhani imepungua, jambo ambalo ndilo tatizo lako la sasa. Tena ni ya ohm 300; saundi kadi dhaifu haitaisukuma vizuri.

Mama_Kwaya_Kikuyu
Mwanangu, kwa bati lile hedifoni ya wazi utasikiliza upepo. Mimi hurekodi kwaya kwa MDR-7506, ambayo imezibwa, hujikunja mkobani na kwa ohm 63 hata simu huiendesha. Ni kali kwenye sauti nyembamba, kwa hiyo kila "s" ya mwimbaji na kila mvumo wa maikrofoni hujitokeza. Tahadhari yangu ni moja: ukali huo usikushawishi kupunguza sauti za juu kupita kiasi, maana ule mlio wa kukereza wa ilimba, unaotokana na utando wa buibui uliobandikwa kwenye matundu yake, utakufa. (Nunua na pedi za akiba; ngozi bandia huchubuka kwa jasho, ukajikuta na unga mweusi mashavuni.)

Ihumwa_Saundi
DT 770 ina pedi za kitambaa na haichoshi masikio, ila besi na sauti za juu zote zimeinuliwa. Kwa kompyuta mpakato, chukua ya ohm 80.

Fundi_Makole
Nakubaliana na Mama kuhusu upepo. Ila, ndugu, yoyote utakayochukua, kumbuka kwamba kwenye hedifoni sikio la kushoto husikia upande wa kushoto tu, ilhali kwenye spika masikio yote mawili husikia pande zote. Ngoma uliyoisogeza pembeni itaonekana mbali kuliko ilivyo. Unganisha pande zote ziwe mono, yaani sauti ileile masikio yote mawili, usikilize. Kama zeze ulilorekodi kwa maikrofoni mbili linafifia, mawimbi yanafutana, na hapo hakuna hedifoni itakayokuokoa.

Studio_Nkuhungu
Nashukuru sana. Jana niliazima MDR-7506 kwa rafiki, nikasikiliza wimbo wa tatu kwa sauti ya chini. Kumbe ilimba ilikuwepo muda wote. Ngoma moja ilikuwa inaifunika kwenye hertz 300 hivi. Nimeipunguza ngoma hiyo desibeli tatu mahali hapo, na sabufa ya jirani imekubali. Nitanunua hiyo ya Sony. HD 600 itasubiri nipige dari.